Sema Ina

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya magodoro.
Ukuta wa matumbawe, unene wa mkono mzima,
chokaa inadondoka juu ya kibodi
nami naipuliza kama anayepoza chai.
Saa nne asubuhi. Chini punda wa mchanga analia.
Tangu Jumamosi barua za maabara haziendi:
majibu ya damu ya Bi Esha Kupi yamekwama kwenye foleni
pamoja na mengine mia mbili na kumi,
na daktari wa Mombasa apiga simu kuuliza
kama sisi huku Lamu tumelala.

Hatujalala. Tumekataliwa mlangoni.

Nilisoma kumbukumbu mstari kwa mstari.
Seva yetu inafika, inapiga hodi,
inaulizwa: nani?
Nayo inajibu: mimi.
Ndivyo ilivyoachwa na fundi aliyeisimika,
na jina la mwenyeji lile la kiwandani,
lile kila mashine hujiita ikiwa peke yake gizani.

Bibi yangu, Mwana Zena, hakumfungulia "mimi".
Ungesimama dakani jua likikuchoma utosi,
mimi bibi, ni mimi,
naye ndani akitwanga iliki bila haraka:
"Mimi ni wangi. Sema ina."
Na ina pekee halikutosha. La baba je? Mtaa?

Basi nikaandika:
posta, nukta, zahanati, nukta, mkomani,
kutoka kwa kidogo kwenda kwa kikubwa
kama tujitajavyo wenyewe,
Mwanaate wa Shee wa Bwanaheri wa Langoni.
Nikahifadhi faili, nikaiwasha upya.
Ikajitaja mara mbili:
posta ya zahanati ya mkomani ya zahanati ya mkomani,
mtoto aliyepotea sokoni, anayerudia nasabu yake akilia.

Nilisahau nukta ya mwisho.
Ile inayosema: jina limeishia hapa, usiongeze la kwako.
Chuoni Mwalimu Twalib alituchapa kwa hiyo hiyo,
kijiti cha mkoko, ubao wenye masizi:
ba, moja chini. Ta, mbili juu.
Ukisahau, umechora bakuli tupu
na bakuli tupu halisomeki.

Nikaitia nukta. Bado mlango haukufunguka,
kwani wa kule hawaridhiki na usemalo.
Huzunguka nyuma, huiuliza nambari:
wewe ni wa nani?
Na nambari yetu, mali ya kampuni ya Nairobi,
ikajibu kama jirani asiyetaka makuu:
huyo? mpangaji tu, hatumjui.
Nikapiga simu. Muziki, dakika arubaini.
Kisha kijana, Kimutai, sauti ya mafua:
"Nitaiandika, dada. Ngoja mpaka kesho."

Nikingoja, nikapitia orodha
ya majina ambayo seva huyakubali kuwa ya nyumbani.
Wauguzi. Famasia. Mhasibu aliyehamia Garsen.
Na Lali Famau, fundi mwenyewe,
tuliyemzika mwezi wa Rajabu.
Mashine hakuipa jina. Lake aliliandika.
Barua kumi na nne hazijasomwa:
bei za betri, mkutano uliokwisha pita,
mtu wa Faza auliza, mara tatu, utakuja lini?
Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kufuta.
Kikakaa.
Nikaelekeza za kwake zije kwangu.

Kesho yake, baada ya adhuhuri:
hodi. Nani? Jina zima, na nambari ikaitikia jina.
Karibu, ukasema mlango,
na foleni ikaanza kupungua, mia mbili, mia na themanini,
sitini. La Bi Esha lilikuwa humo mahali,
sikuliona likipita.

Kabla ya kufunga nilimjibu mtu wa Faza.
Nilianza: Ni mimi
nikafuta.
Nikaandika jina langu, la baba, na mtaa,
na ndipo nikamweleza habari za Lali.